Fiqhi ya Kumchagua Fundi: Mwenye Nguvu na Mwaminifu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliofuata njia yao. Ama baada ya hayo.

Kila tunapokaa na maimamu na wajumbe wa kamati za misikiti katika mikoa ya Shinyanga na Geita, yapo mas-ala ambayo hayakosi kuulizwa, nayo ni ya mafundi. Kamati imekusanya sadaka za waumini kwa miaka miwili ili ijenge darasa la madrasa au ichimbe kisima. Fundi ametafutwa, amepewa fedha, kisha kazi imesimama au imeharibika. Sasa wanauliza: Je, fundi alipe? Je, kamati ilipe kutoka mifukoni mwao? Je, ni halali kumzuilia ujira uliobaki?

Tumeona kwamba wengi huuliza hukumu ya ugomvi, na wachache huuliza hukumu ya uchaguzi uliouzaa ugomvi huo. Kwa hiyo katika makala hii tunataka tueleze, kwa kadiri Allah atakavyotuwezesha, jinsi sharia inavyomtaka Muislamu amchague mtu wa kumfanyia kazi, na jinsi ya kupatana naye. Tunakusudia yule anayejitegemea mwenyewe na kufanya kazi za watu mbalimbali: fundi mwashi, seremala, mchimba visima, fundi umeme, mchora ramani, na hata kijana wa kompyuta anayepanga kurasa za kitabu cha madrasa.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Tuanze na kosa letu, ili msomaji asidhani tunawasema wengine. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kamati ya msikiti katika mji mmoja wa wachimbaji. Tulitaka kujenga madarasa mawili. Fundi tuliyemchagua alikuwa hakosi safu ya mbele, sauti yake ya adhana ilikuwa nzuri, na watoto wake walisoma kwetu. Hatukuuliza zaidi ya hapo. Tulimpa nusu ya fedha siku ile ile, kwa maneno ya mdomo, tukasoma Fatiha tukaondoka.

Kiwanja kilikuwa cha udongo mweusi, ule unaoitwa mbuga. Kila mkazi wa Shinyanga anaujua udongo huu: mvua ikinyesha huvimba, kiangazi huchanika mipasuko inayoingia mguu. Ndugu yetu alikuwa fundi mzuri wa nyumba za luseni, yaani ardhi ya kichanga, na mbuga hakuwahi kuijengea. Akachimba msingi kama alivyozoea. Masika ya kwanza kuta zilipasuka kutoka dirishani hadi chini.

Tulipomwita, alituuliza: mliniambia msingi uende kina gani? Hatukuwa na jibu, kwa kuwa tulimwambia ajenge madarasa mawili tu. Kamati ikagawanyika makundi mawili. Mmoja wetu akasimama msikitini akamwita mwizi mbele ya watu. Tangu siku ile hakuswali tena katika msikiti ule, na watoto wake wakaondoka madrasa. Kuta zilitengenezwa baadaye. Lakini tulimpoteza mtu, naye wala hakuwa mwizi. Tulikuwa tumempa kazi asiyoijua kwa mapatano tusiyoyajua.

WATU WA KAZI NI NAMNA MBILI

Fuqahaa wamewagawa watu wa kazi katika mafungu mawili. Wa kwanza ni ajiir khas, yule anayemuuzia mtu mmoja muda wake. Huyu ni kama mlinzi wa msikiti au mwalimu wa mshahara. Anastahiki ujira wake kwa kuwepo kazini na kuwa tayari, hata kama siku hiyo hapakuwa na kazi. Wa pili ni ajiir mushtarak, yule wa watu wote, kama fundi cherehani, mwashi au seremala. Huyu huuza kazi, wala hauzi siku zake. Anaweza kushika kazi yako na ya jirani yako kwa pamoja, na ujira wake unamthubutikia kwa kazi aliyoifanya.

Sheria za nchi nazo zina mgawanyo unaokaribiana na huu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, hutazama mambo kama haya: nani anapanga namna na saa za kazi, nani anatoa vifaa, na je, mtu huyo anawafanyia kazi wengine pia.

Wazee wetu nao waliujua mgawanyo huu kabla ya sheria hizo kuandikwa. Neno letu kibarua linatokana na barua. Katika pwani na Zanzibar mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi yake, akalipwa kwa hicho, na hatimaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Katika karne ya 19, misafara baina ya Bagamoyo na Unyanyembe ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliopatana ujira wa safari kabla ya kunyanyua mzigo, mbali na posho ya chakula cha njiani. Mbele yao alikwenda kirangozi, aliyeijua njia, visima na mila za watawala waliopitiwa. Mfanyabiashara aliyemchagua kirangozi asiyejua njia alipoteza mali, na pengine roho za watu.

Faida ya kuujua mgawanyo huu ni kwamba kamati nyingi humchukua mtu wa fungu la pili kisha humdai kama wa fungu la kwanza. Humkasirikia fundi kwa kuwa amekwenda kwa mtu mwingine siku mbili, ilhali walimpa kazi na hawakununua siku zake. Au humlipa kwa siku, kisha wakashangaa kazi ya wiki moja imekuwa ya mwezi.

SIFA MBILI: NGUVU NA AMANA

Msingi wa mlango huu umo katika Sura ya 28, Al-Qasas, aya ya 26. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan aliwanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wamezuiliwa na msongamano wa wachungaji. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akatoa sababu mbili: kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu, aliye mwaminifu. Tuzingatie kwamba binti huyo hakusema kwa kudhania. Alikuwa amemwona akifanya kazi yenyewe, na ameona adabu yake mbele ya wanawake asiowajua. Kisha mzee akaweka mapatano yaliyo wazi: miaka minane, na kumi kama Musa atapenda kutimiza kwa hiari yake.

Sifa hizi hizi mbili zimerudi katika Sura ya 27, An-Naml, aya ya 39, pale Ifriti alipojitolea kuleta kiti cha enzi mbele ya Nabii Sulaiman (a.s.): alijisifu kwa nguvu na kwa uaminifu. Na Nabii Yusuf (a.s.), katika Sura ya 12, aya ya 55, alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja kuwa ni mhifadhi na ni mjuzi.

Nguvu inayokusudiwa hapa inatofautiana kwa kutofautiana kwa kazi. Ya mchukuzi ni mwili wake. Ya mwashi ni ujuzi wa udongo, zege na nondo. Ya mchora ramani ni hesabu yake. Ibn Taymiyya katika kitabu chake As-Siyasa Ash-Shar'iyya ameeleza kuwa nguvu na amana ni nadra kukutana kwa ukamilifu kwa mtu mmoja, kwa hiyo hutazamwa kazi inahitaji kipi zaidi. Vitani hutangulizwa mwenye nguvu na ushujaa, na katika kulinda mali hutangulizwa mwenye amana. Tukiishusha kanuni hiyo kwetu tunasema: anayenunua saruji kwa fedha za msikiti atangulizwe mwaminifu, na anayepanga nondo za lenta atangulizwe mjuzi. Si lazima wawe mtu mmoja, na mara nyingi ni bora wasiwe mmoja.

Katika Sira tunao mifano miwili inayotosha. Wa kwanza ni wa ujenzi wa Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Imepokewa na Imamu Ahmad na Ibn Hibban kwamba Talq bin Ali, mtu wa Yamama, alifika wakati wa ujenzi huo. Mtume (s.a.w.) akaamrisha asogezwe kwenye udongo, kwa kuwa alikuwa bora wao katika kuukanda. Pale walikuwepo Masahaba wakubwa waliomtangulia katika Uislamu, lakini udongo alipewa anayeujua udongo.

Wa pili ni wa Hijra, mwaka 622. Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walimwajiri mtu wa Bani Dil, mjuzi wa njia, hali ya kuwa yuko katika dini ya makafiri wa Quraysh. Wanahistoria wanamtaja kwa jina la Abdullah bin Urayqit. Walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakapatana akutane nao kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu, naye akafika kwa ahadi. Wakati huo Quraysh walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia 100. Kwa hivyo amana iliyotazamwa ni amana katika kazi ile, iliyojulikana kwa tabia ya mtu.

Hatusemi hivyo ili kuwadharau mafundi wa msikitini. Muislamu akikutana na mwenzake wakalingana kwa ujuzi na uaminifu, kumsaidia ndugu yako ni kheri. Tunachokataa ni kuifanya safu ya mbele iwe cheti cha uashi.

KUMJUA MTU KABLA YA KUMPA KAZI

Bayhaqi amepokea kisa cha Umar bin Al-Khattab (r.a.) na mtu aliyejitokeza kumsifu mwenziwe kwa uadilifu. Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua usiku na mchana wake, kama amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, na kama amesafiri naye. Akajibu hapana kwa yote matatu. Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Na katika baadhi ya mapokezi, Umar alimtajia kwamba huenda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka katika Swala.

Maneno haya yana uzito zaidi katika miji yetu ya dhahabu. Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza uzalishaji miaka ya 2000 na 2001, na wachimbaji wadogo wakamiminika Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwakitolyo na kwingineko, miji kama Katoro na Kahama imejaa watu waliotoka kila mkoa. Mtu anahama na mlipuko wa dhahabu: leo yuko hapa, mwezi ujao yuko Chunya. Kule kijijini ulimjua fundi, baba yake na babu yake. Hapa unajua jina analojiita na namba ya simu.

Kwa hiyo uchunguzi ni wajibu wa aliyebeba amana ya mali ya Waislamu. Tunashauri mambo haya.

Kwanza, nenda ukaione kazi yake iliyopitiwa na masika mawili. Kuta mpya zote hupendeza.

Pili, waulize watu aliowafanyia kazi, nawe uwatafute mwenyewe pasina yeye kukuchagulia. Uliza maswali ya Umar: Mlipeana fedha? Alirudisha chenji na saruji iliyobaki? Kazi ilipoharibika alisema nini? Kumtaja mtu kwa kasoro zake kwa anayetaka ushauri wa kumwajiri si katika usengenyaji ulioharamishwa. Nawawi katika Riyadhus Swalihin ameitaja nasaha kama hii miongoni mwa sababu zinazoruhusu. Lakini aliyeulizwa aseme kwa kiasi cha haja, asizidishe.

Tatu, tazama kama ni kazi ya aina ile ile. Hapa ndipo tulipoteleza sisi.

Nne, kwa kazi kubwa, taka ushahidi wa ujuzi. Vipo vyeti vya VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo pia hutahini na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kwa majengo makubwa. Cheti hakithibitishi amana, ila ni dalili ya nguvu.

Tano, mjaribu kwa kazi ndogo: mlango mmoja kabla ya milango kumi, kurasa tano za kitabu kabla ya mia mbili. Na hiyo kazi ndogo ilipwe.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, mtu anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya alichokiharibu. Maulamaa wameitumia hukumu hii kwa kila anayejidai ufundi asionao. Nani katika mkoa huu hajui uzito wake? Mwaka 2015 huko Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji walikwama chini ya ardhi, na baadhi ya waliookolewa walitolewa baada ya siku 41. Agosti 2025 huko Nyandolwa, wilayani Shinyanga, watu 25 walifukiwa mgodini. Hatuzungumzii sababu za misiba hiyo, na tunawaombea rehema waliokufa. Lakini anayemteua mtu wa kupanga matimba ya duara kwa sababu ni wa bei nafuu, basi ajue kwamba anachezea roho za watu.

KAZI IJULIKANE, UJIRA UJULIKANE

Baada ya kumpata mtu, yanakuja mapatano. Uchaguzi mzuri huharibiwa na mapatano mabaya. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, ijara haisihi mpaka manufaa yajulikane na ujira ujulikane. Manufaa hujulikana kwa njia mbili: ama kwa muda, kama kufanya kazi siku kumi, ama kwa kazi yenyewe, kama kujenga ukuta wa urefu, kimo na unene fulani.

Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa kuchanganya yote mawili, mfano kumwajiri fundi ashone nguo hii ndani ya mchana huu, hakusihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwa kuwa kazi inaweza kwisha kabla ya muda, au muda kabla ya kazi, na hapo haijulikani kilichouzwa ni kipi. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Abu Hanifa, wameruhusu. Na wapo wafafanuzi wa madhehebu yetu waliosema kwamba muda ukitajwa kwa kuhimiza tu hauharibu mkataba. Hilo ndilo tunalowashauri: andikeni kazi kuwa ndiyo mkataba, na tarehe iwe ya kuhimiza.

Jambo jingine ni hili: mnamtaka yeye mwenyewe, au mnaitaka kazi tu? Mkimwajiri fulani kwa dhati yake, haruhusiwi kumleta mwanafunzi wake ashike mwiko mahali pake. Kazi ikiwa katika dhima yake, anaweza kumtuma mwingine anayeifanya sawasawa, ila kwa Shafii ujira wa namna hii hukabidhiwa katika kikao cha mkataba. Wengi hupatana na fundi mashuhuri wa mjini, kisha huletewa vijana wawili. Fundi huona hajakosa, na kamati huona imedanganywa. Neno moja siku ya kwanza lingetosha.

Na yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, imekuja kuhusu kuandika deni na kushuhudisha. Kuandika hakumaanishi kumdhania mtu vibaya. Ni kumlinda yeye na kuwalinda ninyi dhidi ya kusahau.

KISIMA, KARASHA NA MGAWO WA MAWE

Yapo mapatano matatu yaliyoenea huku yanayohitaji maelezo ya pekee.

La kwanza ni kisima. Anayeajiriwa kuchimba ni lazima abainishiwe mahali, upana na kina, wakapatana kwa futi au mita. Hapo akichimba kina kile anastahiki ujira wake hata kama maji hayakuonekana, kwa kuwa maji yako mikononi mwa Allah. Wakitaka alipwe pindi maji yatakapopatikana tu, mlango wake ni ja'ala, yaani zawadi kwa atakayefikisha matokeo. Asili yake ni Sura Yusuf aya ya 72, pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo la mfalme. Ja'ala husihi hata kazi isipojulikana wingi wake, ila malipo hayastahikiwi mpaka matokeo yapatikane. Kosa ni kuanza kwa futi, kisha maji yakikosekana kamati ikageuka na kudai ilikuwa ja'ala.

La pili ni karasha. Mwenye mawe ya dhahabu huyapeleka kusagwa, na mahali pengine mwenye karasha hujilipa kwa kubaki na marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una dhahabu ndani yake isiyojulikana kiasi. Msomaji aliyesoma Minhaj atakumbuka hapa mfano wa kusaga nafaka kwa sehemu ya unga wake, na wa kuchuna mnyama kwa ngozi yake. Vyote havisihi katika madhehebu yetu. Ipo hadithi katika jambo hili waliyoipokea Daraqutni na Bayhaqi, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn Al-Qayyim wameidhoofisha, na baadhi ya maulamaa wameruhusu sura zake nyingine. Lililo salama ni kulipana fedha inayojulikana kwa kila mfuko unaosagwa. Mwenye karasha akiyataka marudio, ayanunue baadaye kwa mkataba mwingine akiwa ameyaona, na kwa thamani ya fedha taslimu.

La tatu ni mgawo wa mawe baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Jamhuri ya maulamaa hawaruhusu kumwajiri mtu kwa sehemu ya kisichojulikana kitatoka au hakitatoka. Wafuasi wa Imamu Ahmad wamekuwa wasaa zaidi, wakilinganisha na kumpa mtu mnyama au shamba alifanyie kazi kwa nusu ya pato. Anayeifuata kauli hiyo na aifanye kuwa ushirika ulio wazi: mafungu yajulikane kabla ya kushuka, na ijulikane ni nani anatoa chakula, baruti na matimba. Kumwita mtu mshirika mawe yanapokosekana, kisha kumwita kibarua yanapopatikana, ni dhulma.

KAZI IKIHARIBIKA

Fundi aliyevunja sharti au kuzembea hubeba dhamana kwa wote. Ikhtilafu ipo kwa yule ambaye mali imeharibika mkononi mwake pasina kuzembea. Katika kauli iliyo dhahiri zaidi kwa Shafii hadhamini, kwa kuwa mkono wake ni mkono wa amana. Wengine wamemdhaminisha ajiir mushtarak, na imepokewa kuwa Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi kwa kuangalia maslahi ya watu, ingawa Shafii hakuithibitisha isnadi yake.

Katika vitabu vya madhehebu imenakiliwa kutoka kwa Rabii, mwanafunzi wa Shafii, kwamba Imamu aliamini kuwa mtu wa kazi hadhamini, lakini hakuwa akiitangaza kauli hiyo kwa kuwachelea mafundi waovu. Imamu alijua kwamba hukumu ikiwa sahihi hugeuzwa ngao na asiye na amana. Ndiyo maana tunarudi pale pale: hakuna mkataba unaoziba pengo la kumchagua asiyefaa.

Ikitokea ugomvi, wasimamishwe wajuzi wawili wa fani hiyo wasio na maslahi, wapime kazi. Anayestahiki sehemu alipwe sehemu yake, na anayedaiwa adaiwe kwa kilichothibiti. Mimbari isifanywe mahakama.

UJIRA

Mtume (s.a.w.) ameamrisha mtu wa kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama alivyopokea Ibn Majah. Na katika hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Kamati ya msikiti haikuvuliwa katika onyo hilo. Tumesikia fundi akiambiwa malipo yaliyobaki ayaache yawe sadaka. Sadaka hutolewa kwa ridhaa, na anayeombwa mbele ya waumini arobaini hana ridhaa, ana haya tu.

Kwa kazi ndefu, malipo yawe kwa hatua: msingi ukikamilika na kukaguliwa, kisha lenta, kisha paa. Hivyo fundi halali njaa, wala mali ya msikiti haitangulii yote mbele ya kazi.

KHITIMISHO

Ndugu zetu maimamu, tulipojenga mara ya pili tulimtafuta fundi aliyezoea mbuga, tukakagua nyumba zake tatu, tukaandika kina cha msingi na unene wa ukuta, tukalipa kwa hatua nne. Kabla ya hapo tulikwenda nyumbani kwa yule fundi wa kwanza. Tulimwambia kwamba tulimpa kazi bila ya kumuuliza anaijua, na kwamba neno aliloitwa msikitini halikuwa haki. Alitukaribisha chai. Tulimwomba asimamie ununuzi wa vifaa vya ujenzi mpya, kwa kuwa katika mambo yote tuliyogombana naye, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuthibitisha kuwa alikula senti. Akakubali, akaleta hesabu mpaka ya misumari.

Basi kila mtu ana mahali pake. Kazi ya mwenye kuchagua ni kupajua mahali hapo kabla ya kutoa fedha.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa watekelezaji wa amana, na atusamehe tulipokosea katika tuliyoyaandika. Wallahu a'lam.